Kitambaa Chini ya Sahani ya Meneja

Kifungo alipoingia tu nyumbani, Meneja alipanda juu ya kabati la nguo na kukataa kushuka.

Kifungo alikuwa mtoto wa mbwa, mweusi tii, miezi miwili, tumbo mbele miguu nyuma. Meneja alikuwa paka mzee wa mwenye nyumba, fundi cherehani. Cheo hicho alikipata kwa kulala juu ya meza ya kukatia nguo na kumtazama kila mteja kama mtu aliyechelewa kazini. Zamani alikuwa paka wa marehemu mke wa fundi. Mzee hakuwa mtu wa kusema mambo hayo, lakini mkwewe, mke wa mwanawe, alijua, na ndiyo maana roho ilimuuma. Mbwa alimleta yeye, kwa ajili ya binti yake wa miaka sita asiyekuwa na wa kucheza naye. Siku ya pili ilikwisha, na paka alikuwa hajagusa chakula.

"Baba, tumrudishe tu alikotoka," mkwewe alisema. "Sitaki Meneja atukimbie kwa sababu yangu."

"Ngoja mpaka Jumamosi," alijibu mzee, pini mdomoni. "Kama hajashuka, mrudishe."

"Babu, Meneja amegoma?" mtoto aliuliza.

"Meneja hagomi, mjukuu wangu. Yuko likizo."

Mzee akachambua mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. Kipande kimoja alimsugua nacho Kifungo shingoni, kingine alikisugua kwenye mto wa paka. Akapanda kigoda na goti lake bovu, akatandika harufu ya mbwa chini ya sahani ya Meneja huko juu ya kabati. Harufu ya paka ikaenda jikoni, ambako Kifungo alizuiwa kwa ubao mlangoni. Asubuhi na jioni alibadilisha, wazoeane kwa pua kwanza, na wanyama wenyewe hakuwakutanisha. Jumatano paka alikula, mkia umevimba, lakini alikula.

Alhamisi mama wa mtoto akaharibu. Aliviona vile vipande, vina manyoya na mate, akaona aibu mzee wa watu ahangaike na uchafu. Akavifua vyote kwa sabuni ya maua, akavipiga pasi, akavipanga kwa rangi.

Mzee alinusa kimoja. Akanusa cha pili.

"Vinanukia vizuri sana, mwanangu. Ila umefua barua kabla hazijasomwa."

Mama alipoelewa, alitamani ardhi ipasuke aingie. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Mzee alicheka mpaka miwani ikamshuka puani, kisha akainama kuchambua vipande vingine. Hakuguna hata kidogo. Ndivyo alivyokuwa hata kazini: mkono wa gauni ukikataa kukaa, ataufumua mara tatu na kuushona upya, na mteja hatajua kamwe. Mkwewe alimtazama akipanda kile kigoda tena, akashika kabati lisitikisike. Moyoni alisema, mtu huyu nikipata nusu ya subira yake, mwanangu atakuwa amepata mama.

Jumamosi mtoto alimkimbiza Kifungo uani mpaka ulimi ukaning'inia. Ndipo mzee alipomleta chumba cha mbele, amemfunga utepe, akakaa naye sakafuni.

"Msimwangalie paka," alinong'ona. "Ongeeni mambo yenu."

"Mambo gani, Babu?"

"Yoyote. Mseme mama yako."

Mtoto akaanza kumsema mama yake, na alikuwa na mengi. Katikati ya masimulizi kabati likalia kwaa. Meneja alishuka kwenye kiti, akafika sakafuni. Alimnusa Kifungo sikio, akamnusa shingo, palepale vitambaa viliposuguliwa. Kifungo akajisahau, akamlamba uso. Meneja akamzaba kibao kimoja cha pua, bila kucha. Mbwa akalala chali, miguu minne juu.

Mama alikuwa ameshamtazama mzee, tayari kusema basi.

Meneja alimruka Kifungo kama anayeruka kidimbwi, akapanda meza ya kukatia, akajikunja juu ya suruali ya mteja na kufumba macho.

Mzee macho yalikuwa yamemlowa, akajifanya anafuta miwani.

"Nipe futikamba," alimwambia mkwewe. Akaipitisha shingoni kwa Kifungo, akaongeza vidole vitatu.

"Si utampwaya, Baba?"

"Atakua," alisema fundi, na kuanza kukata mkanda.