Sabuni ya Siku Nne

Kigoda kile kilikuwa changu. Miaka ishirini na miwili, kila nilipotua kreti la sabuni kwenye duka la kona, mwenye duka alikisukuma kwa mguu kutoka nyuma ya magunia na kusema, "Kaa, Bibi, upumzishe mifupa." Sikumwomba mtu heshima. Ilinijia yenyewe, kwa miguu yake mitatu.

Kisha mafuta ya mawese yakapanda. Debe moja likawa na bei ya debe na nusu, na kostiki, dawa kali ya kugandishia sabuni, nayo ikafuata, kama mkia umfuatavyo ng'ombe. Nikaenda kwa mwenye duka kumwomba tupandishe bei. Akanicheka kwa huruma, na huruma ya mfanyabiashara ni mlango unaofungwa polepole.

"Bibi, sabuni za kiwandani hizi hapa zimejaa. Ukipandisha, wateja wataipita yako kama wanavyopita nguzo."

Siku hiyo nilisimama mpaka mwisho. Kigoda hakikutoka.

Wiki iliyofuata akaenda mkamwana wangu, mama wa wajukuu wangu pacha, ambaye hata kushika mwiko wa sabuni nilimfundisha mimi. Alirudi uso umemchangamka.

"Mama, amekubali! Bei ile ile, ila kipande kipungue unene, na kila mnunuzi aambiwe waziwazi. Tukificha watatuita wezi. Kasema tumpelekee za kwanza azione. Zikimridhisha, maduka mengine mawili ya mtaani yatamfuata. Zisipomridhisha, rafu yetu anawapa watu wa kiwanda."

"Alikukaribisha vizuri?"

"Sana. Hata kigoda alinipa."

Alisema bila nia yoyote. Nami nikalimeza neno lile kama mtu anavyomeza mwiba wa samaki mbele ya wageni.

Mkamwana akapigilia ubao mwembamba chini ya kalibu aliyoichonga marehemu mume wangu, ili sabuni itoke nyembamba. Kila nyundo ilipolia, ililia kifuani mwangu. Mezani mwanangu akamsifu: "Mke wangu ana kichwa, jamani!" Miaka yote niliyowalisha, nilikuwa nafikiri kwa shingo?

Wivu wa uzeeni haupigi kelele. Hukaa kitako kama paka jikoni, macho nusu yamefumba, ukadhani umelala.

Sabuni yetu hukaa rafuni nyumbani wiki nne ikikomaa. Ikiwa changa, kostiki haijatulia, na huichonyota ngozi. Wiki nne zilipotimia, asubuhi ya kupeleka mzigo, mkamwana akiwa anawasuka pacha barazani, nilitoa safu ya juu ya kreti, nikapanga vipande vya siku nne. Nilijiambia: vitamlegea mkononi tu, mwenye duka atacheka, yaishe. Kujidanganya nako kuna ufundi wake. Unakanda, unakanda, mwisho kunashika.

Nilijua pia atakachofanya akifika. Kila mzigo mpya, mwenye sabuni hunawa kwanza mbele ya muuzaji. Mtindo huo niliuanzisha mimi.

Nikajitia kumsindikiza.

"Leo kazi ninayo," mwenye duka akatania. "Wageni wawili, kigoda kimoja!" Akakisukuma katikati yetu.

"Kaa, Mama," mkamwana akasema.

"Kaa wewe. Mwenye kichwa ndiye hukaa."

Akatabasamu kidogo, kama aliyekanyagwa na mtu mzima asiweze kulalamika. Hakukaa. Kigoda kikabaki kitupu.

Beseni likaletwa. Mkamwana akachukua kipande cha juu, na dole gumba lake likaacha shimo. Akakigeuza. Ukingo ulikuwa umekatwa mshazari. Hivyo ndivyo nikatavyo tangu nivunjike kifundo cha mkono, na sabuni za siku nne nilizikata mimi, yeye akiwa zahanati na pacha. Akaniangalia. Hakunilaumu kwa macho yale. Afadhali angenilaumu.

Angeweza kunitaja. Badala yake akalowesha mikono na kuanza kunawa.

"Povu lake hili, kaka," alisema, sauti imenyooka.

Ndipo nikaona kidole chake cha shahada. Jana yake, alipokuwa akiukaza tena ule ubao, nyundo ilikuwa imekichubua, na kidonda kilikuwa kibichi. Povu likapita juu yake. Akauma mdomo, akaendelea kusugua.

"Lete hapa!" Nikamnyang'anya kipande, nikamtia mikono kwenye maji safi. "Hii changa. Ina siku nne. Mimi ndiye niliyeiweka juu."

Mwenye duka akaniangalia, kisha akanifungulia njia ya kutokea. "Umechanganya, Bibi. Macho hayo, umri huo."

Njia ilikuwa pana. Hata mkamwana alinitazama kama anayesema, pita.

"Macho yangu mazima, baba," nikasema.

Nikachomoa kipande cha chini, kilichokomaa, nikanawa mwenyewe mpaka povu likafika viwikoni. Mwenye duka alikichukua, akakibonyeza, akakinusa, akapima unene wake kwa vidole viwili.

"Acheni hizi za chini," akasema hatimaye. "Mwisho wa mwezi wateja ndio watakaoniambia. Za juu rudini nazo."

Tukarudi, mkamwana ameshika mkono mmoja wa kreti, mimi mwingine. Tulipofika chumba cha kazi aliinamia kalibu, akautikisa ule ubao.

"Ubao unacheza, Mama. Misumari yangu imekaa upande."

Nikaitafuta nyundo, nikaipata chini ya meza. Nikaishika kwa mkono wangu wa kifundo kibovu, na yeye aliuona.

"Nishikie basi," nikasema.

Akapiga magoti, akaushika ubao kwa vidole vyake vyekundu, karibu kabisa na pale nyundo itakaposhukia.