Chupa ya Teresia

Njoroge hakuwa na mke, hakuwa na kinu, hakuwa na jua la kuanikia pilipili, wala hakuwa na ulimi wa kuomba radhi. Vyeti alikuwa navyo. Vinne, vyote vya masomo ya jioni, vimetundikwa sebuleni kwake Kilburn, ughaibuni.

Jioni hizo alizokuwa darasani, mkewe Teresia alikuwa jikoni akisaga pilipili. "Keti basi ujifunze na hii," alikuwa akimwambia. Naye hujibu huku akitafuta kalamu, "Jumamosi, mama." Jumamosi hiyo haikufika. Teresia alifariki miaka mitatu iliyopita, na chupa alizoziacha zikaisha moja moja.

Kwa hiyo ukumbi wa mtaa ulipotangaza mashindano ya kupika pilipili, Njoroge alijiandikisha. Alitaka jambo moja tu: ladha ile irudi, na watu walioijua waseme imerudi. Wiki mbili alisaga, akaonja, akamwaga. Ukwaju aliukumbuka, na embe bichi. Pilipili alizikausha juu ya hita ya chumbani. Siku yenyewe akabandika karatasi kwenye chupa, kwa mwandiko wake wa darasani: PILIPILI YA TERESIA.

Wa kwanza kufika mezani pake walikuwa rafiki yake Chaman, mzaliwa wa Mombasa aliyefunga duka na kustaafu Stanmore, na mkewe Pramila. Miaka ishirini walikula kwa Teresia.

"Leta, mzee, tuone kama elimu imefika jikoni," Chaman alimtania, akichovya kipande cha muhogo.

Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Ni yenyewe kabisa," Pramila aliharakisha kusema.

"Pramila, usimdanganye mtu mzima." Chaman akafuta midomo. "Tamu, ndugu yangu. Kali, haki ya Mungu. Lakini si ya shemeji."

"Imepungua nini?"

"Ningejua ningekwambia. Muulize dada yake, yule wa Voi. Si walifundishwa na mama mmoja?"

Njoroge akajifanya anapangusa meza. Hakuwa amesema na Dinah, dada huyo, tangu mazishi. Teresia aliomba alazwe Voi, kando ya mama yake. Njoroge akamzika huku huku ughaibuni, Edmonton, apate kumtembelea kwa basi. Dinah akapiga simu analia: "Shemeji, umetunyima hata udongo wa kumtupia!" Njoroge akamjibu kwamba mke ni wake, akakata.

Saa kumi waamuzi walipotangaza matokeo, jina la mshindi lilikuwa la Teresia. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama mmoja asiyemfahamu akamshika mkono.

"Hongera, baba. Leo ni kama nimemjua mkeo."

"Hujamjua," Njoroge alisema. "Hiyo si yake. Hujamjua kabisa." Na hapo hapo akalia mbele za watu, mzee wa miaka sabini na minane, tai shingoni.

Chaman alimsindikiza hadi mlangoni kwake bila utani hata mmoja.

Dinah alikuwa hapokei simu zake, basi Njoroge akachukua karatasi. "Shemeji, tafadhali nieleze Teresia alikuwa akitia nini katika pilipili yake." Akaisoma tena. Miaka mitatu ya kimya, na neno la kwanza ni kuomba kitu! Akaichana, akaanza upya.

"Dinah, nilikosa. Dada yako aliomba aletwe kwenu, nami nikamnyima, nikawanyima na nyinyi. Niliogopa kubaki peke yangu. Kiburi changu kikakukatia simu ukiwa unalia. Nisamehe."

Pilipili hakuitaja.

Alipolamba gundi ya bahasha, ulimi ulimwasha. Vidole vyake vilikuwa bado na pilipili. Akaifunga hivyo hivyo, akaikandamiza kwa kiganja, akashuka ngazi hadi kwenye sanduku jekundu la posta, akaitumbukiza.