Diski ya Wanaume

Harusi yetu ilitoka kwenye diski mbili. Juu ya ya kwanza mpiga video aliandika kwa kalamu ya wino mzito, "Ukumbini." Juu ya ya pili akaandika, "Nikahi – wanaume." Ile ya kwanza iliangaliwa mpaka ikachubuka. Ilizunguka kwa mashoga zangu na kwa majirani, ikaenda Madale kwa shangazi yangu, ikarudi bila kava. Ya pili hakuna aliyeitaka. Nani akae aangalie wanaume wenye kanzu wakila halua kwenye busati? Niliitia ndani ya sanduku la nguo zangu za kutokea, katikati ya madira, na humo ikakaa miaka yote ya ndoa yetu.

Mume wangu aliitwa Mbwana. Alikuwa seremala Keko, na alifariki mwaka huu baada ya kuugua kifua. Nilipokuwa kwenye eda, nimekaa ndani, sitoki wala sijipambi, ndipo nilipogundua kwamba sina sauti yake. Picha zimejaa kwenye simu. Sauti hakuna. Hakupenda kabisa kurekodi sauti. Mtu akimtumia ujumbe wa sauti, alimpigia palepale na kumwambia, "Sema sasa tunasikilizana, mie siongei na redio."

Nikaanza kuogopa. Nikifumba macho niliuona uso wake vizuri, mpaka vumbi la mbao kwenye nyusi. Maneno yake niliyakumbuka. Ila namna alivyoyatamka ilikuwa inapungua, na kila nikijaribu kuisikia kichwani, niliisikia sauti yangu mwenyewe ikimwigiza.

Hapo nikaikumbuka diski ya wanaume. Siku ya nikahi, kwa desturi yetu, bibi harusi hakai walipo wanaume. Wao walikuwa barazani kwetu na shehe, mimi nilikuwa chumba cha ndani nimefunikwa, nimezungukwa na kina mama wanaopiga vigelegele. Mume wangu alipotamka kuwa amekubali kunioa, sikumsikia. Nililetewa habari tu kwamba tayari, mimi ni mke wa mtu. Kama sauti yake ipo popote duniani, basi ipo kwenye ile diski.

Niliitoa sandukuni nikaitia kwenye kompyuta. Ikazunguka, ikakwaruza kri, kri, kri, ikanyamaza. Kwenye kioo pakatokea maneno kwamba hakuna diski ndani. Nikatoa, nikarudisha. Vilevile.

Mtu mwingine angeibeba kompyuta akaipeleka kwa fundi. Yetu haibebeki. Ni ile aina ya kioo na mashine kuwa kitu kimoja, na Mbwana aliponunua, ya mtumba, hakutaka ikae mezani kama ya ofisini. Aliijengea kabati la mninga. Akaifunga humo kwa ndani, akaiachia uwazi nyuma wa kupumulia, na pembeni akachonga kijitundu chembamba ambacho trei ya diski inapita ikitoka. Kuitoa ni kulivunja kabati, na kabati hilo lisingevunjwa mimi nikiwa hai. Kumwita fundi nyumbani nako mama mkwe wangu, Bi Zubeida, alikataa.

"Mwanamume mgeni akae sebuleni na mwenye eda, kisa kompyuta? Ngoja umalize."

"Na diski je, mama? Nimpe mtu aipeleke studio?"

"Ikipotea?"

Diski ni moja tu. Kwa hiyo nikampigia Rukaiya.

Rukaiya ni dada yake Mbwana, wifi yangu, anakaa Kimara. Si fundi. Anafanya kazi ofisi ya shule, anachapa barua na matokeo ya mitihani, na kompyuta anaijua kama mtu anavyolijua jiko lake, kwa kulitumia. Alikuja Jumamosi mchana, akiwa na mkoba na mfuko wa machungwa. Akamwamkia mama yake shikamoo, akaja kwangu, akanishika mikono, akaniangalia.

"Wifi, umekonda mpaka nakuonea wivu."

"Na wewe umenenepa kwa niaba yangu."

"Eda yako, chakula changu. Haya, mgonjwa yuko wapi?"

Nilimwonyesha. Hakuigusa kompyuta. Alichukua diski kwanza, akaipeleka dirishani akaiinamisha huku na huku kama anayepokea noti asiyoiamini.

"Hii ina ukungu. Ilikaa wapi?"

"Kwenye sanduku la nguo."

"Lile la madira? Lete sabuni ya kuoshea vyombo."

Aliiosha kwa maji ya uvuguvugu kwa ncha za vidole, akaipangusa kwa fulana laini, akianzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Mimi ningeizungushia kitambaa kama ninavyopangusa sahani. Alinikataza. Alisema mkwaruzo wa kuzunguka huifuata njia ya kusomea diski, wa kunyooka huikata tu na kupita. Diski ikang'aa. Tukaitia. Kri, kri, kri. Hakuna diski.

Nilikaa chini. Nadhani huzuni ilionekana usoni mwangu, maana Bi Zubeida alisema tuiache, tusije tukaiua kabisa.

"Haijafa, mama," Rukaiya akasema. "Bado hatujajua nani anaumwa. Wifi, nipe diski nyingine yoyote, hata ya kaswida."

Nikampa ya kaswida, ya sauti tupu, iliyokuwa ikifanya kazi vizuri zamani. Nayo ikakwaruza, ikakataliwa.

Hapo Rukaiya akatabasamu kama aliyepata habari njema. Nilimwuliza anafurahia nini.

"Diski mbili haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja siku moja. Yako ni nzima. Anayeumwa ni huyu." Akagonga kabati kwa kidole. "Sasa niambie ukweli, nani kaifungia mashine kwenye jeneza la mninga?"

"Kaka yako."

"Kakangu alikuwa anapenda kukivalisha kila kitu. Angeweza kukijengea kabati hata kijiko. Naogopa isije ikawa mbao imevimba na trei inabanwa."

Maneno hayo yalinichoma, na nadhani hata yeye yalimchoma kuyasema. Alipiga magoti, akaifungua trei taratibu, akachukua karatasi moja ya daftari akaipitisha baina ya trei na ukingo wa kile kijitundu. Juu ikapita. Chini ikapita. Kushoto na kulia ikapita. Karatasi mbili zikakwama kotekote. Akaifunga trei akaifungua tena, mara kadhaa, sikio lake likiwa kwenye mbao.

"Hakuna inapogusa," akasema polepole. "Miaka yote hii, na mvua za Dar, mbao haikuhama hata kidogo. Mama, njoo uone kazi ya mwanao."

Bi Zubeida hakuja. Alikaa pale pale kwenye mkeka, akapitisha mkono usoni, akasema, "Naijua."

Rukaiya aliinama tena na kurunzi ya simu. Kwenye kompyuta za aina ile, trei ikitoka hutoka pamoja na kijicho cha kusomea, kidogo kama punje ya mtama, cha kioo. Alikitazama kwa muda. Kisha akanyanyua kichwa akaiangalia sebule, pazia, kochi, na pembeni mwa kabati, upande wa kile kijitundu, stuli ndogo niliyozoea kuweka chetezo.

"Wifi, ulikuwaga unafukiza udi hapa?"

"Kila Ijumaa. Kabla hajarudi msikitini."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Alikuwa anapenda akute nyumba inanukia."

"Na kompyuta imewaka?"

"Anaiwashaga asubuhi, asikilize mawaidha."

Rukaiya akakaa chini kabisa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mama, sikia. Mashine hii ina feni, inavuta hewa. Kila Ijumaa imevutishwa udi. Kompyuta ya wifi imefukizwa kuliko bibi harusi yeyote wa Temeke. Haioni, macho yamejaa moshi."

Hata mimi nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mazishi, na niliangalia upande wa mama mkwe kwa hofu, nikamkuta naye ameziba mdomo.

Rukaiya aliomba pamba za masikio na ile spiriti ya kidonda. Hakuitia spiriti kwenye kijicho. Alilowesha pamba, akaikamua kwa vidole mpaka ikabaki na unyevu tu, akaishusha na kukigusa kijicho kama mama anayemsafisha mtoto mchanga tongo. Alizuia pumzi. Nami nilijikuta nimezuia yangu. Pamba ilipanda ikiwa ya rangi ya chai. Akachukua nyingine, ikapanda na rangi hafifu zaidi, na nyingine, mpaka ikatoka nyeupe. Alinipa ile ya kwanza nikaitupe. Kabla sijaitupa niliinusa. Juu kulikuwa na spiriti, na chini yake ulikuwepo udi wa Ijumaa zetu, ambao mwenye eda hafukizi. Niliifungia kwenye pindo la kanga. Rukaiya aliniona, akageuka kuangalia kompyuta.

Tulisubiri spiriti ikauke, tukila machungwa. Alipoirudisha diski haikukwaruza. Ilizunguka kwa mlio mwembamba, na kwenye kioo likatokea jina, NIKAHI. Nilitaka kusimama, akanikalisha.

"Bado. Sasa anaona, ila hajui kusoma."

Kweli, alipobonyeza, kompyuta ilisema haina programu ya kuchezea DVD. Mimi nilidhani ndiyo mwisho. Yeye aliona ni jambo la kawaida. Alisema kompyuta za siku hizi haziji nayo, mtu hujitafutia. Akawasha bando la simu yake, akapakua programu ya bure, huku akinieleza kila anachobonyeza, bila haraka, kana kwamba mimi ndiye nitakayeifanya kesho. Nilimtazama vidole. Kuna watu ambao kitu kikigoma wanakipiga, au wanawatukana waliokitengeneza. Yeye kila kilipogoma alikiuliza swali jingine, dogo kuliko la kwanza. Mbwana alikuwa hivyo kwenye mbao. Sikuwahi kuwaona wamefanana mpaka mchana ule.

Picha ikaja. Baraza ya kwetu, busati jekundu, wanaume. Kisha ikaganda, ikapasuka vipande vya mraba, na shehe akabaki na nusu uso.

"Toa, toa," nikasema. "Utaiharibu."

"Siichezeshi tena. Diski imezeeka, tusiikimbize. Acha niinakili yote ndani ya kompyuta, isome kwa mwendo wake. Tutaangalia nakala."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ukatambaa, ukasimama. Ukakaa. Bi Zubeida alikuwa ameanza kuvuta uradi. Rukaiya akasitisha, akaitoa diski, akaipangusa tena katikati kwenda ukingoni, akipulizia pumzi ya mdomo kidogo, akaianzisha upya. Ulipofika pale pale ulisimama tena. Mkono wa Rukaiya ulikuwa juu ya mausi lakini haukubonyeza, na niliona kwamba kwake yeye pia ilikuwa sauti ya kaka yake. Kisha mstari ukasogea. Ukasogea tena, ukaenda mpaka mwisho.

Aliifungua nakala akaipeleka mbele mpaka shehe alipomshika Mbwana mkono. Akapandisha sauti.

Mume wangu alikuwa mwembamba, kofia imemkaa vibaya. Shehe akasema maneno yake kwa kituo, na jina langu na la baba yangu. Mbwana akajibu, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo."

Alikuwa yeye. Ile sauti nzito kidogo, yenye kukwama mwanzoni mwa neno kama mlango mpya. Nilikuwa nimeisahau ile namna ya kukwama. Katika kumwigiza kwangu kote sikuwahi kuiweka.

Nilidhani ndiyo imekwisha, maana wanaume walianza kuitikia dua. Lakini kwenye picha Mbwana hakuuachia mkono wa shehe. Kutoka ndani ya nyumba vilisikika vigelegele na vijembe vya kina mama, wale waliokuwa wamenizunguka.

"Shehe, naomba nirudie," akasema.

"Imeshatimia, kijana. Imesikika."

"Hapa imesikika. Huko ndani hawajasikia."

Wanaume wakacheka, mmoja akamtania kwamba ana haraka. Yeye aligeuza uso kuelekea mlangoni, upande niliokuwa mimi, akasema yote upya kwa sauti kubwa, kwa jina langu na la baba yangu. Halafu akatega sikio. Vigelegele havikupungua. Akaangalia chini, akatabasamu, akauachia mkono wa shehe.

Hakuwahi kuniambia.

Bi Zubeida alikuwa analia bila sauti. Rukaiya alikohoa, akachomeka flashi, akanakili mara ya pili, akaiweka kwenye mkoba wake. Alisema moja itakaa kwangu na moja kwake, nyumba moja haitoshi kuitunza. Kisha akanisogezea kiti, akanishika mkono akauweka juu ya mausi, akanionyesha pa kubonyeza ili irudi nyuma, na pa kubonyeza ili isimame.

"Jaribu wewe."

Nikajaribu, ikarudi.

"Umejua," akasema. Akamwinua mama yake kwenye mkeka, wakatoka, akauvuta mlango wa sebule nyuma yake. Nilimsikia koridoni akimwambia jirani aliyekuja kunijulia hali kwamba wifi yake yuko na mtu, asubiri kidogo. Nikamrudisha Mbwana mpaka pale anapougeukia mlango, nikamsikiliza.