Bahari Tatu Kabla ya Saa Kumi

Leanne Ogden alikuwa akimfunga Mollie nywele, lakini macho yake yalikuwa kwenye fomu aliyoiegemeza kwenye birika la chai. Alikuwa ameisoma tangu juzi mpaka karatasi ikawa laini pembeni, na bado alihisi kuna mstari alioupita bila kuuelewa.

"Mama, unanivuta!"

"Tulia basi. Ungekuwa wewe ungechagua wapi?"

"Penye bwawa la kuogelea."

"Hawajaandika bwawa."

"Basi penye punda wa kupanda ufukweni."

"Punda nao hawajaandikwa, mwanangu."

Familia ya Ogden ilikuwa imekaa kwenye orodha ya mfuko mmoja wa hisani kwa miaka miwili. Sasa zamu yao ilikuwa imefika: wiki moja kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, pembeni mwa bahari, bure, pamoja na nauli ya treni. Mfuko ulikuwa na karavani tatu, na kila moja ilikuwa na nafasi ya wiki moja tu iliyobaki. Silloth, juu kabisa kaskazini, kuanzia tarehe 27 Julai. Withernsea, upande wa mashariki, kuanzia tarehe 3 Agosti. Borth, huko Wales, kuanzia tarehe 10. Bibi Ashworth wa mfuko angepiga simu leo saa kumi kamili. Asiyekuwa na jibu, nafasi yake ingekwenda kwa familia inayofuata.

Craig alishuka ngazi kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye kishikio, kama alivyoshuka kila asubuhi kwa miaka sita tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Kwapani alikuwa amebana bahasha ya kahawia iliyofika jana.

"Usichague kwanza," alisema. "Soma hii."

Ilikuwa ya posho yake ya ulemavu. Mtaalamu angempigia simu kumpima upya, siku yoyote kati ya tarehe 29 Julai na 9 Agosti, muda wowote wa kazi.

"Sasa kuna tatizo gani? Simu si utakwenda nayo?"

"Leanne, fikiria. Anapiga, mimi niko ufukweni. Anasikia shakwe wanalia, watoto wanacheka. Ataandika nini? Mteja yuko baharini, anapumua vizuri, sauti yake ina furaha. Imekwisha hiyo."

"Kwani mtu mwenye mgongo mbovu haruhusiwi kukaa karibu na shakwe?"

"Mimi sijui wanaruhusu nini. Nani anajua?" Alijishusha kwenye kiti, akafumba macho mpaka maumivu yakapungua. "Nendeni nyie watatu."

"Fomu inasema familia nzima."

"Basi Borth. Tarehe zao zitakuwa zimepita."

Keeley, binti yao wa miaka kumi na nne, alikuwa akipaka siagi kwenye mkate. Aliinua kichwa. "Borth? Nimeangalia. Ni barabara moja tu, Baba. Moja! Nitafanya nini huko, nihesabu kondoo?"

"Itakufaa, hesabu zako mbovu," Craig alimjibu.

Hivyo Leanne alitoka nyumbani akiwa ameamua Borth.

Miadi yake kwenye ofisi ya ajira ilikuwa saa nne na dakika ishirini, kama kila Jumanne aliyopangiwa. Leanne alikuwa na kazi. Aliwahudumia watoto chakula cha mchana katika shule moja hapo mjini kwao Clegworth, kwa muda wa saa tatu kila siku. Lakini saa tatu zilikuwa hazitoshi kwa mujibu wa ofisi, kwa hiyo kila wiki alitakiwa kuthibitisha kwamba anatafuta nyingine. Shule zikifungwa, alitakiwa kutafuta zaidi.

Bwana Pilling, mshauri wake, alikuwa mtu mnene mwenye mafua yasiyokwisha. Hakuwa mkali. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika tarehe zote tatu, kisha akaitazama kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nilifikiri Borth. Lakini nataka kujua kwanza. Wapi naruhusiwa?"

"Siwezi kukuchagulia, Leanne."

"Sikuombi unichagulie. Kuna mahali ambapo siruhusiwi?"

"Unatakiwa uwe tayari kwa usaili wakati wowote ukiitwa. Tuseme ndani ya siku mbili."

"Hata nikiwa likizo?"

"Likizo ni sawa. Mradi uwe tayari."

"Kwa hiyo popote panafaa?"

"Popote panapofaa, ndiyo."

Leanne alimwangalia aone kama anatania. Hakuwa akitania. Pilling alinyanyuka kwenda kumuuliza mama mmoja kwenye meza ya nyuma. Leanne aliwaona wakitikisa vichwa, mmoja huku, mwingine kule. Pilling alirudi akipenga kamasi.

"Mwenzangu anasema kuna siku za mapumziko unazoweza kuomba, ila si kwa sababu hii. Mimi nilidhani ni kwa sababu yoyote. Lakini sikiliza, Withernsea iko karibu na Hull. Hull kuna viwanda. Ukiwa huko ukaomba kazi mbili tatu, ingeonekana vizuri kwenye mfumo."

"Niende likizo nikaombe kazi Hull, halafu niishi Clegworth?"

"Nasema tu ingeonekana vizuri."

"Na nikipata?"

Pilling alifikiri. "Hiyo ingekuwa habari njema," alisema, lakini uso wake haukuonyesha kuamini.

Leanne alitoka akiwa ameamua Withernsea. Mbele ya duka la mikate alikumbuka simu ya Craig, akarudi Borth. Kwenye taa za barabarani alimkumbuka mama wa meza ya nyuma alivyotikisa kichwa, akawaza kwamba pengine Silloth, wiki ya kwanza kabisa, wangekwenda na kurudi kabla mtu hajagundua. Lakini tarehe 29 ilikuwa ndani ya wiki hiyo. Taa iligeuka kijani, ikawa nyekundu tena, naye bado amesimama.

Jikoni shuleni, Pauline mpishi alikuwa akikata pai ya samaki kwenye trei. Alikuwa amefanya kazi pale miaka ishirini na mbili, na hakuwahi kukosa maoni.

"Borth?" alisema. "Hilo jina la mahali au mtu kakohoa?"

"Liko Wales."

"Nenda Withernsea, bibie wee. Marehemu baba alitupeleka kila mwaka. Upepo wake, ukifungua mdomo unashiba. Unapanda treni mpaka Hull, halafu basi."

"Basi kwa muda gani?"

"Saa nzima hivi. Kama hakuna foleni."

"Craig hawezi saa nzima kwenye basi."

"Ah, kweli. Atafika amekunjika kama kiti cha ufukweni." Pauline alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Silloth je?"

"Hiyo nayo treni mpaka Carlisle, halafu basi."

"Na hiyo Kikohozi?"

"Treni inafika mpaka kijijini."

"Si ndiyo jibu lenyewe! Unahangaika nini?"

"Keeley hapataki. Ofisi nayo haijui. Pilling anasema Hull kuna viwanda."

Pauline aliweka kisu chini. "Craig anataka hiki, mtoto anataka kile, ofisi inataka viwanda. Wewe unapenda nini?"

Watoto walikuwa wameanza kupanga foleni, trei mikononi. Leanne alishika upawa wa kastadi, ule uji mtamu wa maziwa, juu ya bakuli la kwanza, akajaribu kujibu. Lilikuwa swali jepesi. Alilitafuta jibu kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa koti, akigusa hiki na kile. Dukani huchukua kile chenye kibandiko cha njano, kilichoshushwa bei kwa sababu kinakaribia kuharibika. Nyumba alipewa na halmashauri, hawakumwonyesha mbili. Kazi hii aliichukua kwa sababu saa zake ziliendana na za Mollie. Hata rangi ya kuta ilikuwa ile waliyoikuta. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hakukumbuka lini alisimama mbele ya vitu vitatu akaulizwa anapenda kipi.

"Bi Ogden," alisema msichana wa mbele, "inamwagika."

Kastadi ilikuwa imejaa bakuli, imefurika kwenye trei, na sasa ilikuwa ikimdondokea mtoto kwenye viatu.

Saa kumi kasoro dakika kumi wote wanne walikuwa mezani nyumbani, simu katikati. Craig alirudia kwamba yeye angebaki kama ikilazimu. Keeley alisema yupo tayari kwenda popote mradi waache kulizungumzia. Mollie alisisitiza punda.

Simu ililia saa kumi kamili.

"Haya, Bi Ogden," alisema Bibi Ashworth kwa sauti ya uchangamfu. "Niandike wapi?"

"Silloth," alisema Leanne. Craig alishtuka. "Hapana. Samahani. Kuna simu siku hizo. Withernsea. Hapana, safari yake ya basi ni ndefu, na tarehe pia... Subiri kidogo, tafadhali."

"Usijali, mpenzi. Hizi zote ni bahari."

"Nataka nisikosee tu."

"Jamani, hakuna jibu la kukosea hapa."

"Lipo," alisema Leanne. "Siku zote lipo. Huwa wanakwambia baadaye."

Bibi Ashworth aligeuza karatasi. "Haya basi. Fomu ina kisanduku cha sababu, lakini naweza kukiacha wazi. Wewe ungependa wapi?"

Leanne aliwatazama watu wake watatu waliokuwa wakimtazama yeye. "Borth," alisema.

"Borth. Vizuri. Kwa sababu gani, kama si siri?"

"Treni inafika mpaka pale. Na ni mbali."

"Mbali na nini?"

"Mbali tu."

Walipokata simu, Mollie alipiga makofi. Hata Craig alitabasamu, akasema atahitaji mto wa mgongoni kwa ajili ya treni. Leanne alijaza birika maji. Lilikuwa halijaanza kuchemka simu ilipotoa mlio wa ujumbe kutoka kwenye akaunti yake ya mtandaoni ya ofisi ya ajira.

Umepangiwa miadi: Jumanne, tarehe 13 Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Kuhudhuria ni lazima.

Aliusoma mara mbili. "Nilimpa Pilling tarehe zote tatu. Nilimwona akiandika."

"Labda hakuwa yeye," alisema Craig. "Labda mashine inajipangia."

Alipiga namba ya msaada, akasikiliza muziki mpaka chai ikapoa. Mwanamke aliyepokea alisema miadi inaweza kubadilishwa na mshauri peke yake, na mshauri hapatikani kwa simu, anapatikana kwenye akaunti. Je, akiandika kwenye akaunti atajibiwa lini? Hakuna muda maalum. Je, wasipojibu? Basi miadi iko palepale. Je, mbona aliambiwa likizo ni sawa? Yule mwanamke aliuliza nani alisema hivyo, na iliandikwa wapi.

"Mpigie yule mama wa mfuko," Craig alinong'ona. "Badilisha haraka."

Bibi Ashworth alisikitika. Silloth ilikuwa imechukuliwa robo saa iliyopita. Withernsea ilikuwa bado, lakini kulikuwa na familia kwenye simu nyingine. "Nikuwekee Withernsea? Niambie sasa hivi, mpenzi."

Withernsea ilikuwa na simu ya Craig na saa nzima ya basi. Borth ilikuwa na Jumanne ya Pilling. Leanne alizitazama tarehe kwenye fomu. Alijaribu kupima lipi baya zaidi, akagundua hawezi kupima, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amemwambia kwa uhakika kitatokea nini popote pale.

"Iache ilivyo," alisema. "Wape hao wengine Withernsea."

Kisha alifungua akaunti. Aliandika: Samahani sana, naomba kama inawezekana. Akaisoma. Akafuta neno moja moja mpaka mstari ukabaki mtupu, akaanza upya. Jumanne tarehe 13 sitakuja. Nitakuwa Borth na familia yangu.

"Weka hata tafadhali," alisema Craig.

"Niliweka ofisini leo asubuhi."

Akabonyeza. Jibu lilikuja papo hapo, la mashine: Ujumbe wako umepokelewa. Kutohudhuria miadi kunaweza kuathiri malipo yako.

Craig alivuta simu akasoma, akairudisha taratibu, kana kwamba inaunguza.

"Kwa hiyo tunaenda au hatuendi?" aliuliza Keeley.

"Tunaenda."

"Iko wapi kwani?" alisema Mollie.

Keeley alifungua ramani kwenye simu yake. Leanne aliinama, akaitafuta Borth, akaikosa. Kidole chake kilizunguka kwenye rangi ya buluu, mbali kabisa na nchi kavu, mpaka Keeley alipoushika mkono wa mama yake na kuusogeza kulia kidogo.

"Hapo."

"Mbona padogo hivyo?"

"Si nilikwambia. Barabara moja."

Leanne aliacha kidole pale pale, asijue kama amefanya jambo la maana au ameiponza nyumba nzima, mpaka kioo cha simu kikajizima.