Nyonga ya Evaresta

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu Evaresta awekewe nyonga ya chuma, na katika wiki hizo aliogopa kila kitu. Aliogopa kukohoa. Aliogopa kugeuka kitandani. Hospitalini walimwambia atembee kila siku, la sivyo mguu utakakamaa abaki mtu wa kulala tu. Lakini jirani yake Jovitha, ambaye hana dogo, alikuja kumpa pole akamsimulia habari za mtu wa Rugu aliyechomokwa na chuma kwa kupiga chafya. Tangu siku hiyo Nolasco, mume wake, alimkataza kwenda zaidi ya kiti cha sebuleni. Alimnawisha, akamlisha, akambeba hadi chooni. Wageni walimsifu kwa upendo huo, na mguu ukazidi kukakamaa.

Asubuhi moja, Nolasco akiwa nyuma ya migomba anageuza kahawa yake juani, mama yake mzazi, Bibi Kokuhirwa, alifika kutoka Kaisho bila taarifa. Evaresta alikuwa peke yake. Alipomwona mama mkwe mlangoni, mwili haukumuuliza. Alishika magongo, akasimama, akaanza kushuka apige magoti amsalimie, kama alivyofanya kwa miaka thelathini na minne.

Hajafika chini, nyonga ikambana, naye akakumbuka kwamba kupiga magoti alikatazwa. Akaganda hapo hapo, kusimama hakusimama, kupiga magoti hakupiga, jasho likimtoka.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Acha hayo, mkamwana," alisema bibi. Akapiga magoti yeye, akamkumbatia mapajani, akamsukuma juu mpaka akanyooka. Evaresta alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkwe kumpigia magoti mkamwana, tangu lini?

Kisha bibi alijaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena, akakaa kitako sakafuni, mkono kifuani.

"Pananibana hapa," alisema. "Mwite Nolasco."

Evaresta aliita. Huko nyuma ya migomba redio ilikuwa juu, hakuna aliyeitika. Akampigia simu, nayo simu ya Nolasco ikaita pale pale mezani, kwenye chaji.

Akatoka. Kila hatua alisubiri kusikia chuma kikichomoka. Alivuka kizingiti, akavuka ua, akaingia kwenye majani makavu ya migomba yanayoteleza. Alilia kwa woga waziwazi, bila kujali nani atamwona, huku magongo yakitangulia na mguu ukifuata.

Nolasco alipomwona aliangusha reki.

"Evaresta, utajiua. Kaa chini hapo hapo, nakuja kukubeba."

"Sikai," alisema Evaresta. "Mama yako yuko sakafuni, kifua kinambana. Kimbia ukambebe yeye."

Nolasco akakimbia. Evaresta akabaki peke yake kati ya migomba. Akageuka, akaitazama nyumba ilivyokuwa mbali, akaogopa kuliko siku zote, akatanguliza gongo.