Makofi Katika Ghala la Huseni

Waliokuwapo: Bwana Shauri, ofisa Mwingereza wa wilaya, kwenye kiti cha mbele; Huseni, mwenye ghala; Mwalimu Felisiani, msaidizi wangu shuleni; Mzee Adolfu, mkulima wa kijiji cha Kasense; askari mmoja, mlangoni; watu wa mjini na wa mashambani, juu ya magunia ya mahindi; na mimi, mwalimu mkuu, mkalimani wa picha.

Ilikuwa alasiri ya mwisho ya wiki ya sinema. Serikali ilikuwa imeleta Sumbawanga gari lenye mashine ya picha, na kwa kuwa baridi ya Juni haimruhusu mtu kukaa nje usiku, Huseni aliombwa ghala lake, madirisha yakazibwa kwa magunia matupu. Picha zote zilisema Kiingereza, nami nilizitafsiri kwa kipaza sauti cha bati. Kufikia siku hiyo nilitamani kitanda tu.

"Mwalimu," Huseni alininong'oneza, "sauti yako leo ni ya gunia linaloburutwa."

"Basi usiniburute zaidi."

Picha ilihusu usalama wa taifa. Karani wa wizara huko Ulaya alikuwa ameiba ramani ya bandari ya manowari ili awauzie maadui, na makachero walimwinda mtaa kwa mtaa. Habari za uasi wa Kenya dhidi ya Waingereza mwaka ule zilikuwa zimewatia maofisa wasiwasi; Bwana Shauri alitaka watu waone jinsi msaliti anavyokamatwa. Ghala lilikuwa kimya. Hata waliokuwa wakibembeleza watoto waliacha.

Karani akaingia mbio nyumbani kwa ajuza mjane, akavua kofia, akainama. "Nifiche," alisema. Nilisikia vizuri. Lakini sikuweza kumwacha mtu aingie kwa mzazi na kuanza na amri, nikatanguliza, kama ninavyowasahihisha wanafunzi kila siku: "Shikamoo, mama. Nifiche."

Ajuza wa kwenye picha hakuitikia. Mzee Adolfu akamwitikia kwa niaba yake: alichuchumaa, akapiga makofi ya taratibu, kama Mfipa yeyote aliyeamkiwa kwa heshima. Ghala zima likafuata. Kisha makachero wakavunja mlango bila hodi.

"Hawa nao wamelelewa wapi?" mtu akasema kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Bwana Shauri akaamuru mashine izimwe na madirisha yafunguliwe.

"Mnamshangilia msaliti? Nani ameanza?"

Askari alikuwa ameona. Akamshika Mzee Adolfu mkono.

"Bwana mkubwa, nimemwitikia mgeni tu," mzee akasema, akikohoa. "Ameamkia vizuri."

"Utayaeleza hayo bomani. Utalala huko mpaka nipate jibu la wakubwa wangu."

Kikohozi cha Mzee Adolfu kilijulikana mpaka Katandala. Majira yale, sakafu ya mahabusu ingemmaliza. Nikasimama, nikaieleza desturi ile ya makofi. Bwana Shauri alinisikiliza hadi mwisho.

"Ninaijua, Mwalimu. Nimepigiwa makofi hayo kila kijiji. Lakini yule karani hakumwamkia mtu. Kiingereza ni lugha yangu. Nani amewaambia kwamba ameamkia?"

Felisiani alinitazama, akatikisa kichwa kidogo: nyamaza. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutamani kumtii.

"Mimi, bwana. Nimemwongezea."

"Kwa hiyo ni wewe uliyemvisha msaliti adabu."

"Ni mimi. Mzee amejibu maneno yangu, si ya karani."

"Basi mmoja wenu atalala bomani. Waambie watu ni nani."

Felisiani akanong'ona, "Mwalimu mkuu, na shule je?"

Nilikiinua kile kipaza sauti kwa mara ya mwisho wiki ile.

"Mzee Adolfu anarudi Kasense, Huseni atampakia kwenye lori lake. Ninakwenda bomani mimi. Jumatatu Mwalimu Felisiani ataita majina ya darasa la nne, na ataanza na hesabu, maana asubuhi vichwa havijachoka."