Pini za Kijani

Ramani ya mitaro ilichukua ukuta mzima wa ukumbi wa halmashauri, na Ijumaa ile asubuhi ilikuwa imejaa pini za kijani tupu. Kijani maana yake kalavati limesafishwa: bomba la zege linalopitisha maji chini ya barabara halina takataka, mvua na ije. Ramani ilipendeza kweli. Ubaya wa ramani zinazopendeza ni kwamba wakubwa huziamini.

Bi Mitaro, msimamizi wa mitaro ya upande wa magharibi, aliikodolea macho pini namba saba. Aliichoma mwenyewe jana. Kalavati lenyewe hakuligusa.

Wala si uvivu. Idara nzima ilifanya hivyo. Taarifa ya wiki ilitakiwa makao makuu kila Alhamisi, lori la kuzolea taka lilipatikana Jumamosi, basi wasimamizi wakawa wanatia sahihi Alhamisi na kufanya kazi Jumamosi. Miaka yote hiyo hakuna aliyedhurika, maana mvua kubwa zilikuwa na adabu ya kungoja msimu wake. Siku hizi hazina adabu wala msimu. Hii ilianza alfajiri bila kupiga hodi, na kufika saa nne mto ulikuwa unalamba ukuta wa zahanati.

Mkurugenzi alikuwa na mpango wa dharura, umechapwa kwa rangi: wagonjwa wapelekwe shule iliyo kilimani, kwa barabara ya kalavati namba saba. Lori lilishapakia wagonjwa kumi na mmoja. Dereva alikuwa shemeji yake Bi Mitaro, mdogo wa mumewe, mtu wa mizaha. Kando yake, mguu ukiwa kwenye plasta, alikaa mama mkwe.

Kwanza Bi Mitaro alijaribu kujiokoa kimyakimya. Akampigia shemeji simu, haipatikani. Akamnong'oneza Mkurugenzi kwamba labda wazunguke njia nyingine. Mkurugenzi akauliza kwa nini, naye akaishia kumung'unya maneno. "Saba ni kijani," Mkurugenzi akasema. "Na sahihi ni yako."

Bi Mitaro alilijua kalavati lile. Ndani mna godoro chakavu, matairi na matawi ya wiki nzima. Maji yakikosa njia huila barabara kwa chini, dereva akaona lami nzima, kumbe anakanyaga pango.

Simu ya upepo mezani ikakoroma, sauti ya shemeji ikaja. "Tumetoka zahanati. Dakika kumi tuko saba. Mama anasema naendesha kama kobe."

Ukumbi ukacheka kidogo. Bi Mitaro aliona aibu na hofu zikimpanda pamoja, na hofu ikashinda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kingekuwa cha watu wengine. Akainyakua simu.

"Shemeji, simama hapo ulipo. Namba saba sikuisafisha. Nilitia sahihi tu. Usivuke."

Kisha shemeji akajibu, safari hii bila mzaha, kwamba amesimama.

Bi Mitaro akaenda ukutani akaing'oa pini. Mkurugenzi hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. Aliagiza tu lori lipite namba nne. Hapo Mzee Koleo, msimamizi wa mashariki aliyebakiza miezi mitatu astaafu, akakohoa. "Nne nayo wasiipite," akasema, akainuka kwa shida kwenda kung'oa pini yake. Akafuata wa kusini. Akafuata wa kaskazini, huku akifuta jasho. Pini zikarundikana mezani, na dakika zikazidi kwenda.

"Lipi limesafishwa kwa koleo, siyo kwa kalamu?" Mkurugenzi akauliza.

Jibu walilijua wote, na lilikuwa la fedheha. Namba moja, Bi Mitaro akasema. Lile la mbele ya lango la ofisi hii, wanalolipita wakubwa kila asubuhi. Hilo husafishwa hata mara mbili kwa wiki.

Basi wagonjwa wakaletwa ofisini. Wakapandishwa ghorofani kwa viti vya mapokezi, na mama mkwe akalazwa juu ya meza ya mikutano, chini ya ramani iliyobaki na pini moja. Muda si muda habari ikafika kwamba barabara ya namba saba imekatika katikati.

Bi Mitaro akasogea mezani akiwa ameinamisha kichwa. Mama mkwe akamshika mkono.

"Nilikusikia kwenye redio. Alhamisi uliniua, Ijumaa umenifufua. Sijui nikushukuru au nikuchape."

"Nichape, mama."

"Nikipona mguu."

Bi Mitaro alilia, wala hakujificha. Hakujua kama Jumatatu angekuwa na kazi. Nje mvua iliongeza nguvu, na karani akaja na fomu mpya: makao makuu wanataka hali ya namba moja, sasa hivi. Akampa kalamu. Kwa mazoea mkono wake ukaipokea, ukashuka hadi kwenye mstari wa sahihi.

Kisha akamrudishia kalamu, akavaa buti.

"Ngoja nikaliangalie kwanza," akasema, na Mzee Koleo akachukua koleo lake akamfuata mvuani.